Mtoto Asiyetumwa Dukani

Usiku umeingia katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee mmoja anampaka kijana sabuni mwili mzima. Kijana kabaki na chupi tu. Nondo za dirisha zimekwisha kutanuliwa kwa maarifa ya mzee huyo, ambaye enzi zake alikuwa mhandisi, lakini mwanya ni mwembamba na kijana ana mwili. Sabuni ndiyo itakayomaliza kazi. Kijana anajisukuma, anapenya, anaangukia nje, kisha anatokomea gizani bila viatu, bila suruali, bila senti.

Kijana huyo ni Zak, ana miaka 22, naye ana sindromu ya Down. Amewekwa kati ya vikongwe kwa kuwa hana ndugu wa kumchukua, na serikali haikupata pengine pa kumweka. Kila siku hutazama kanda ileile ya zamani ya mieleka, ambamo bingwa aitwaye Salt Water Redneck anaitangaza shule yake. Zak anataka kwenda kujifunza katika shule hiyo. Mzee Carl, mwenzake wa chumba, ameitazama kanda ile mpaka imemtoka puani, na nadhani uchovu huo nao ulichangia kumfungulia kijana dirisha.

Filamu inaitwa The Peanut Butter Falcon. Ilitoka Marekani mwaka 2019, na kwa Kiswahili tungeweza kuiita Kozi wa Siagi ya Karanga. Nilipoitazama mara ya kwanza niliipenda kama mtu anavyopenda hadithi ya marafiki wawili walio safarini, nikaiweka kando. Aliyenirudisha kwayo ni mtoto wa jirani yetu wa zamani.

Tulikua mtaa mmoja, Tanga. Sisi wengine tulitumwa mpaka tukachoka. Uswahilini mtoto ni miguu ya mtaa mzima: "Hebu njoo mwanangu, nenda kwa Mpemba kaniletee kiberiti na nusu kilo ya sukari, na chenji usiipoteze." Anayekutuma si lazima awe mama yako. Mtu mzima yeyote ana haki hiyo, nawe huna haki ya kuuliza kwa nini usitumwe mwingine. Tulinung'unika chinichini, tukaenda. Hatukujua kwamba kila tulipotumwa tulikuwa tunahesabiwa.

Yeye hakutumwa. Alikaa barazani kwao tangu asubuhi, na uso wake wa mviringo, macho yake yaliyoinuka kidogo pembeni, na kicheko kilichomjia upesi. Watu walimpenda. Walimpa kashata, walimletea visheti vya sikukuu, walimjulia hali kila wapitapo. Mtoto aliyethubutu kumfanyia mzaha alikaripiwa papo hapo na wazee: cheka uchafu, usicheke kilema. Hujafa hujaumbika. Alipewa kila kitu isipokuwa kazi. Na tulipopita mbele yake tukikimbilia dukani, sarafu zimefumbatwa kiganjani, alitusindikiza kwa macho mpaka tukakata kona. Sikuyaelewa macho yale hadi nilipomwona Zak nyuma ya nondo.

*

Zack Gottsagen, anayemwigiza Zak, alizaliwa mwaka 1985 na makazi yake ni Boynton Beach, Florida. Mama yake alipigania asome pamoja na watoto wengine, naye akafika hadi shule ya sanaa ya Dreyfoos huko West Palm Beach. Alipenda sinema tangu utotoni, na kwa miaka alifanya kazi katika jumba la sinema, akipokea tiketi za watu waliokuja kuwatazama waigizaji wengine.

Tyler Nilson na Michael Schwartz, waongozaji wa filamu hii, walikutana naye California, katika kambi ambayo watu wenye ulemavu na wasio na ulemavu hukaa pamoja na kutengeneza filamu fupi. Zack aliwaambia kwamba anataka kuwa nyota wa filamu. Wao, kwa kumpenda, wakamweleza ukweli: nafasi za watu kama yeye ni chache mno. Zack akawapa jibu lililowafunga mdomo. Basi iandikeni nyinyi, iongozeni nyinyi, mimi nitaigiza.

Walikuwa hawajawahi kuongoza filamu ndefu. Hawakuwa na fedha wala jina. Lakini walikwenda wakaandika hadithi iliyopimwa mwilini mwake kama kanzu kwa fundi, hata jina la mhusika wakalichukua kwake. Walitengeneza video fupi ya kuwaonyesha wenye mitaji kwamba kijana huyu anaweza, wakabisha milango kwa miaka. Mwaka 2017 kamera zikafungwa Georgia, kuzunguka mji wa Savannah, mahali palipochukua sura ya visiwa na vijito vya North Carolina ambako hadithi inatendeka.

Nimelifikiria sana jibu lile la kambini. Zack hakuomba kusaidiwa. Aliona vijana wawili wenye nguvu, wamekaa wanamhurumia, akawatuma. Na wao, kwa heshima waliyokuwa nayo kwake, wakaenda.

*

Ndani ya filamu, Zak anajificha chini ya turubai katika boti ya Tyler, mvuvi anayeigizwa na Shia LaBeouf. Tyler ni mtu aliyeharibikiwa. Kaka yake amekufa, naye anajilaumu kwa kifo hicho. Leseni ya uvuvi wa kaa hana, kwa hiyo anaiba katika madema ya wenzake, na walipomshika na kumpiga, akayatia moto madema na zana zao zote. Sasa anakimbilia Florida, na wenye mali wako nyuma yake. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kumlea mtu.

Kwa kweli anamwacha. Anamteremsha Zak na kushika njia yake. Anarudi tu pale anapoona mvulana mmoja akimlazimisha Zak kurukia majini, na Zak hajui kuogelea. Anamtoa, wanaondoka pamoja, na kabla hawajafika mbali Tyler anamwekea kanuni ya kwanza: usinicheleweshe.

Kanuni hiyo ni kali, na mtu mwenye moyo laini angeweza kuchukizwa nayo. Lakini humwambii mtu asikucheleweshe kama huamini kwamba ana mwendo wake. Katika nyumba ya wazee Zak aliwekewa sheria za kumzuia, na hakuna hata moja iliyomtaka afike mahali. Hii ya Tyler inamtaka afike. Ni mara ya kwanza mtu anamdai kitu, na Zak anaipokea kanuni ile kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba. Baadaye Tyler anapomtaka airudie, Zak anajibu kwamba kanuni ya kwanza ni sherehe. Amekwisha kuwa mwenza. Anaongeza vifungu vyake kwenye sheria.

Kisha unakuja mto. Zak haogelei, na njia ya nchi kavu haifai kwa watu wanaosakwa. Tyler anamvuta majini kwa kamba, na wakiwa katikati inatokea boti kubwa ya kuvulia kambamiti ikiwajia moja kwa moja. Wanaponea chupuchupu. Nilipokuwa natazama, mwili wangu wote ulisema kosa ni la Tyler: humchukui mtu wa aina hii mahali pa aina hii. Dakika chache baadaye nilijiuliza ni nani aliyenifundisha maneno hayo, "mtu wa aina hii". Wote wawili walikuwa majini. Mto haukuwauliza vyeti vya daktari.

Wanapopumzika mchangani wanazungumza kuhusu mieleka, ambamo kila mpiganaji huwa mwema au mwovu. Zak anasema hawezi kuwa shujaa kwa kuwa ana sindromu ya Down. Tyler anashangaa: hilo lina uhusiano gani na moyo wako? Usiku mmoja wanakunywa, wanafanya mzaha, Zak anajipaka siagi ya karanga usoni, na jina la ulingoni linazaliwa. Na kuna pale Zak anapomwahidi Tyler kwamba atampa matakwa yake yote ya siku ya kuzaliwa. Mtu asiye na suruali yake mwenyewe anatoa zawadi, na mvuvi aliyezoea kuiba hana la kusema. Tangu hapo wako sawa, kila mmoja ana deni kwa mwenzake.

*

Anayewatafuta ni Eleanor, mhudumu wa nyumba ile, anayeigizwa na Dakota Johnson. Ingekuwa rahisi kumfanya mlinzi wa gereza, na filamu imekataa urahisi huo. Eleanor anampenda Zak. Anajua anachokula, anajua kinachomtisha, anakesha barabarani akimsaka. Anapowafikia na kujikuta naye yuko juu ya chelezo chao, kila anachofanya ni cha upendo: anamkataza hiki, anamfanyia kile, anajibu maswali aliyoulizwa Zak. Tyler anamwambia jambo linalomchoma. Huenda hujawahi kulitamka lile neno la tusi ambalo watu humwita nalo, lakini kwa namna unavyomtendea, unamfanya alisikie.

Maneno hayo yalinichoma na mimi, kwa sababu lile neno la tusi nasi tunalo. Zezeta, taahira, punguani: mtaani kwetu hakuna mtu mzima aliyemwita yule mtoto wa jirani hivyo. Tulikuwa watu wa adabu. Na adabu yetu ilimwambia kila asubuhi, kwa ukimya wake, kile ambacho tusi lingemwambia kwa kelele.

Mwaka 1972 Mmarekani Robert Perske, aliyefanya kazi miaka mingi na watu wenye ulemavu wa akili, aliandika kuhusu kitu alichokiita heshima ya kukabili hatari. Hoja yake ilikuwa kwamba kila maisha ya binadamu yana hatari zake za halali, na kumkinga mtu na hatari zote ni kumwibia sehemu ya utu wake. Sidhani kama Perske aliwadharau akina Eleanor. Aliona tu kwamba upendo unaoogopa, ukiachiwa peke yake, hujenga ukuta bila kujua kuwa unajenga.

*

Ukuta huo Marekani ulikuwa wa matofali kweli. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari waliwashauri wazazi wampeleke mtoto mwenye sindromu ya Down kwenye taasisi na kuendelea na maisha yao. Taasisi iliyoitwa Willowbrook, huko Staten Island, New York, ilijaa watoto na watu wazima kupita kiasi, na mwaka 1972 kamera za televisheni zilipoingia ndani, nchi nzima iliona watoto uchi wakiwa wamelala sakafuni penye uchafu. Ilifungwa kabisa mwaka 1987.

Mwaka huohuo wa 1987 Arthur Miller, mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia wa karne hiyo, alichapisha kitabu cha maisha yake. Miller alikuwa na mwana mwenye sindromu ya Down, aliyezaliwa mwaka 1966 na kupelekwa kwenye taasisi akiwa mtoto mchanga. Katika kitabu kile kinene hamtaji. Nalieleza hili kwa huzuni tu, kwa kuwa tamthilia zake zilitufundisha kumtazama mtu mdogo ambaye dunia imempuuza. Kipaji kikubwa cha kuona binadamu hakikutosha. Mtu anaweza kuona mbali na bado asione kilicho nyumbani kwake, kama zama zake zimemwambia asitazame. Kabla ya kufa mwaka 2005, katika wosia wake Miller alimhesabu mwana huyo pamoja na watoto wake wengine.

Gharama ya kutotazama ilihesabika kwa miaka ya uhai. Mwaka 1983 wastani wa umri wa kuishi wa Mmarekani mwenye sindromu ya Down ulikuwa takriban miaka 25. Leo unakaribia 60. Kromosomu ya 21 bado huja mara tatu badala ya mara mbili, kama alivyoieleza Jérôme Lejeune mwaka 1959 huko Paris. Kilichobadilika ni watu wengine. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na zamani wengi walinyimwa upasuaji ambao mtoto mwingine angepewa bila mjadala. Walipoanza kupasuliwa mioyo yao, kulelewa nyumbani na kupelekwa shule, wakaishi. Zack Gottsagen alizaliwa miaka miwili baada ya hesabu ile ya 25. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 34.

Sheria nayo ilitembea. Wanawake wawili wa Georgia, jimbo lilelile ambako filamu hii ilipigwa, walizuiliwa hospitalini ingawa waliowatibu walikubali kwamba wangeweza kuishi mtaani kwa msaada. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1999 mahakama iliamua kwamba kumtenga mtu mwenye ulemavu pasipo sababu ya haki ni ubaguzi. Kwa hiyo dirisha lile lenye nondo, ambalo Zak analipenya kwa sabuni, lilikwisha kuhukumiwa miaka 20 kabla. Lakini hukumu ni karatasi. Mtu bado anahitaji pa kwenda na mtu wa kwenda naye.

*

Sinema imewahi kuwaweka watu wawili wa aina hii barabarani mara nyingi, na ni vizuri kuangalia safari zile ziliishia wapi. Rain Man ya mwaka 1988 iliipa dunia Raymond, mtu mwenye usonji, na Dustin Hoffman, ambaye hana usonji, alipata Oscar kwa kumwigiza. Raymond anasafiri na mdogo wake, anamlainisha moyo, kisha anapanda treni kurudi kwenye taasisi. Mwaka 1996 Mbelgiji Jaco Van Dormael alitoa Le Huitième Jour, ambamo Georges anatoroka taasisi na kukutana na mfanyabiashara aliyepoteza familia yake. Georges aliigizwa na Pascal Duquenne, ambaye mwenyewe ana sindromu ya Down, naye na mwenzake Daniel Auteuil waligawana tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini Georges, baada ya kumrudisha mfanyabiashara kwa watoto wake, anakufa.

Katika hadithi hizo mwenye ulemavu ni dawa. Anakuja, anamponya mtu mzima wa afya ambaye roho yake imeugua, na dawa ikishanyweka, chupa hutupwa. Watazamaji tunatoka tumefutwa machozi, na hakuna aliyebaki wa kutusumbua kwa kutaka kazi, nyumba au mwenza.

Zak hafi, wala harudishwi. Anafika kwenye shule ya mieleka na kukuta imefungwa siku nyingi. Bingwa wa kwenye kanda ni mzee aliyechoka, na mtupo wake maarufu wa kumrusha mtu juu ulikuwa hila ya kamera. Hata hivyo anamfundisha. Zak anaingia ulingoni kama Kozi wa Siagi ya Karanga, mbele ya Jake Roberts, ambaye waliokua wakitazama mieleka kwenye runinga hawana haja ya kuelezwa ni nani. Anapigwa, anaanguka, kisha anamnyanyua mpinzani juu ya kichwa na kumrusha nje ya ulingo. Kile kilichokuwa hila, yeye alikiamini mpaka kikawa kweli. Wakati huohuo wenye madema wanampata Tyler na kumpiga chuma cha kichwa. Mwishoni Zak, Eleanor na Tyler aliyefungwa bandeji wako ndani ya gari, wanaingia Florida. Safari hii aliyebebwa ni yule mwenye nguvu.

Filamu ina mapungufu, na kuipenda kwangu hakunipi ruhusa ya kuyanyamazia. Mapenzi ya Tyler na Eleanor yanachanua juu ya chelezo, na hakuna anayemwuliza Zak kama naye anatamani kupendwa hivyo. Pablo Pineda wa Hispania, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora San Sebastián mwaka 2009 kwa filamu Yo, también, alikwisha kuonyesha kwamba swali hilo linaweza kuulizwa kwa heshima na kwa maumivu yake yote. Kuna nyakati pia ambapo huzuni ya Tyler inachukua kiti cha mbele na Zak anakuwa abiria. Na mzee Carl, aliyepaka sabuni, anabaki mule ndani. Nilitamani mtu arudi kumchukua.

*

Kilichonishawishi kwamba urafiki huu si wa kuandikwa tu kilitokea nje ya kamera. Mwezi Julai 2017, upigaji picha ukiendelea, LaBeouf alikamatwa Savannah kwa ulevi hadharani. Yeye mwenyewe amesimulia yaliyofuata. Zack hakumfariji. Alikasirika, akamweleza kwamba wewe tayari ni mashuhuri, na hii ni nafasi yangu, nawe unaiharibu. LaBeouf amesema maneno hayo ndiyo yaliyomsukuma kutafuta kuacha pombe.

Mtu unayemhurumia hana uwezo wa kukukasirikia. Akikasirika, utasema masikini, hajui asemalo. Ili hasira ya mtu ikufikie moyoni, lazima kwanza umkubali kuwa mtu ambaye unaweza kumkosea. Zack alimdai LaBeouf kama Tyler alivyomdai Zak: usinicheleweshe. Kanuni ilikuwa imezunguka ikarudi kwa mwenyewe.

Tarehe 9 Februari 2020, huko Los Angeles, wawili hao walipanda jukwaa la Oscar kumtangaza mshindi wa filamu fupi. Zack alikuwa mtu wa kwanza mwenye sindromu ya Down kutoa tuzo hiyo. Alisema maneno yake kwa mwendo wake. Maneno mengine yalikawia kutoka. Ukumbi ule, ambao kila sekunde yake huuzwa kwa fedha nyingi, ukasubiri. LaBeouf akasubiri pembeni yake. Hakuna aliyecheleweshwa. Walikuwa tu wanakwenda kwa mwendo wa mtu aliyetangulia.

*

Hujafa hujaumbika. Maisha yangu yote nimeisikia methali hii ikitumika kama fimbo. Usimcheke mlemavu, kwa kuwa kesho gari litakugonga na utakuwa kama yeye. Imewakinga wengi na dhihaka, nami naishukuru. Lakini wema wake umejengwa juu ya hofu, na ndani yake mna wazo kwamba yule aliye barazani ndiye mfano wa balaa, umbo ambalo sisi wengine tunaomba tusilifikie.

Baada ya filamu hii naisikia tofauti. Kama hujafa hujaumbika, basi na yeye hajamaliza kuumbwa. Kijana wa miaka 22 aliyewekwa kati ya wanaosubiri kufa hajaumbika bado. Mpokea tiketi wa Boynton Beach alikuwa hajaumbika. Mvuvi mwizi, mhudumu mwoga, bingwa mzee aliyefunga shule yake, wote udongo wao ulikuwa bado mbichi. Na binadamu haumbwi akiwa amekaa barazani akiletewa kashata. Huumbwa njiani, mkononi mwa watu wanaomtaka afike, mwenye sindromu ya Down sawa na mwingine yeyote. Methali haikubadilika hata silabi. Tulikuwa tumeishika upande wa makali, kumbe ina mpini pia.

Naandika haya nikijua kwamba siku moja mtaani kwetu methali ile iliwahi kushikwa mpini, na mimi niliona bila kuelewa. Mama mmoja muuza maandazi, aliyekuwa akituma watoto tangu alfajiri, asubuhi moja alitazama huku na huku akatukosa sote. Tulikuwa tumejificha, tumechoka kutumwa. Akamgeukia mwana wa jirani pale barazani. Akamwita mwanangu, kama alivyotuita sisi. Akamweka fedha kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja, akamwambia aende kwa Mpemba akalete hamira na kiberiti.

Kutoka nyuma ya ukuta tulimwona akienda. Hakukimbia kama sisi. Alikwenda taratibu, ngumi imebanwa kifuani, na kila aliyekutana naye alimwonyesha ile ngumi. Alikawia sana. Mafuta yalipata moto, yakapoa, wateja wakasimama na vikombe vyao vya chai. Mama yule hakumtuma mtu kumfuata.

Akarudi. Kiberiti kilikuwepo, hamira aliisahau, na chenji ilipungua. Mama akaihesabu mbele yake, akamwambia imepungua, kama alivyokuwa akituambia sisi. Kesho yake asubuhi, nasi wengine tumesimama palepale, mikono mitupu, akamtuma tena.